Fundo la Leso na Pesa Isiyoshikika



Siku moja baada ya sala ya Alasiri alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane wa miaka sitini na ushei, simu yake ndogo ikiwa mkononi. Asubuhi ya siku ile tulikuwa tumemtumia shilingi 500 zilizotolewa na mtu kwa nia ya sadaka, ili zimsaidie kwa chakula. Alikaa barazani, akavuta pumzi, kisha akasema, "Shekhe, niwie radhi kwa kukuudhi. Ujumbe umeingia, lakini dukani wanambia sina kitu."

Tukaichukua simu tukasoma. Ujumbe wa kwanza ulisema amepokea shilingi 500. Wa pili, uliofika papo hapo, ulisema karibu fedha zote zimekatwa kulipa deni. Zilibaki shilingi 38. "Deni gani, mama?" tukamuuliza. Hakujua. Baada ya kuulizana kwa muda ndipo ilipobainika kwamba majuma machache nyuma alikwenda kununua unga na mafuta, salio lake likawa halitoshi, na kijana aliyekuwa dukani akambonyezea kitufe cha kuongezewa fedha kwa mkopo. Mama akachukua vitu vyake akenda zake, akidhani amelipa kwa pesa zake mwenyewe. Jambo lile likarudiwa mara mbili tatu. Kila siku iliyopita, ada iliongezwa juu ya deni.

Mtoaji wa sadaka alikusudia mjane ale, na aliyekula ni mkopeshaji. Hapakuwa na wizi wala udanganyifu ambao tungeweza kuupeleka mbele ya hakimu. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa kwenda. Na hilo ndilo lililotufanya tuketi kuandika.

Bibi zetu walikuwa na benki yao, nayo ilikuwa pembe ya leso. Mwanamke alizikunja noti zake, akaweka sarafu katikati, akafunga fundo, akalichomeka kiunoni. Alipotaka kununua kitu ilimbidi alifungue, azitoe, azihesabu, kisha alifunge tena likiwa jembamba zaidi kuliko lilivyokuwa. Waliokuwa na zaidi walikuwa na kibubu cha udongo au sanduku la mninga lenye kufuli. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni ushamba. Leo twaona kwamba fundo lile lilikuwa pia ni daftari la hesabu: mama alijua kwa kugusa tu kama mwezi utafika mwisho au hautafika.

Nchi yetu imeacha fundo hilo kwa kasi ambayo mataifa makubwa yanaistaajabia. M-Pesa ilianza kwa majaribio mwaka 2005, kwa msaada wa shirika la misaada la serikali ya Uingereza, na nia ya kwanza ilikuwa kuwarahisishia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Wananchi wakaigeuza kwa matumizi yao wenyewe, wakaanza kutumiana. Safaricom ilipoifungua kwa umma mwezi wa Machi 2007, iliinadi kuwa ni njia ya kutuma pesa nyumbani, na kweli nyumba nyingi za Pwani, ambazo vijana wao walikuwa Nairobi wakitafuta riziki, zilifarijika. Kabla ya hapo bahasha ilipewa dereva wa basi au jamaa anayesafiri, na mara nyingine ilifika imepungua, na mara nyingine haikufika kabisa.

Basi tusiwe watu wa kukanusha neema. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016, walikadiria kuwa huduma hii iliziondoa katika umaskini kaya 194,000 za Kenya, yaani asilimia 2 ya kaya zote, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakaifanya biashara kuwa kazi yao kuu. Takwimu hizo hazitushangazi. Katika miaka ya kusuluhisha ugomvi wa majumba tumejionea jinsi fedha za mwanamke zinavyoandamwa. Sheria yetu imempa haki kamili juu ya mali yake, na sura ya An-Nisaa haikuacha shaka kwamba alichokichuma ni fungu lake, lakini sanduku lililo chumbani huonwa na mume, na kaka, na mtoto wa kiume mwenye shida zisizokwisha. Mama anayepika mahamri alfajiri na kuuza mbaazi ana mahali pa kuweka faida yake ambapo hapafunguki bila nambari yake ya siri. Hiyo ni heri kubwa, na hatutamsikiliza mtu anayetaka kuturudisha tulikotoka.

Lakini heri nayo ina bei, na bei hii huwalemea zaidi wenye kidogo.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, Benki Kuu ilitangaza mwezi wa Machi kwamba kutuma fedha kwa simu hadi shilingi 1,000 kutakuwa bila ada, ili watu wasishikane mikono kwa noti. Msamaha huo ulimalizika mwisho wa mwaka. Kufikia hapo mazoea yalikuwa yameota mizizi, hata kwa wale waliokuwa wakijihadhari. Ada zikarudi, nasi tukabaki palepale. Serikali nayo ina fungu lake: ushuru juu ya ada za kutuma fedha ulianza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, ukafika 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuufikisha 20, na haukupita kwa kuwa mswada wote uliondolewa baada ya vijana kumiminika barabarani.

Tuangalie makato yenyewe, kwa viwango vya M-Pesa vilivyowekwa mwaka 2023. Anayetoa shilingi 200 kwa wakala hukatwa shilingi 29. Anayetoa 2,500 hukatwa 29 hizo hizo. Anayetoa 50,000 hukatwa 278. Kwa hesabu ya kawaida, mwenye 200 amelipa asilimia 14 na nusu ya mali yake ili aishike mkononi, na mwenye 50,000 amelipa kiasi cha nusu ya asilimia 1 na chembe. Hatudhani kama kuna muuza duka ambaye angediriki kumuuzia maskini kibaba cha mchele kwa bei hiyo na kumuuzia tajiri gunia kwa bei ile, akabaki na uso wa kutembea mtaani.

Akina mama wanaocheza mchezo watatuelewa upesi. Chukua wanawake kumi, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa siku, na zamu inazunguka. Zamani mmoja wao alipita nyumba kwa nyumba jioni, akazikusanya, akazikabidhi, na mkusanyaji akapewa kikombe cha chai. Siku hizi kila mmoja hutuma kwa simu. Kutuma 200 ni shilingi 7. Wanawake tisa wakimtumia mwenye zamu, zimekwisha kwenda 63. Yeye akenda kuzitoa zile 1,800 alizopokea, hukatwa 29. Jumla ni shilingi 92 kwa siku moja, na kwa siku 30 ni 2,760. Mzunguko mmoja ni shilingi 2,000. Maana yake ni kwamba katika mwezi mmoja mchezo ule umemlipa mshiriki wa kumi na moja ambaye hakutoa chochote, tena umempa zaidi ya zamu yake. Tuliwaeleza akina mama fulani hesabu hii baada ya darsa, wakanyamaza kimya, kisha mmoja akauliza, "Sasa tumekuwa tukimlipa nani?"

Hatusemi kampuni haina haki ya ujira. Wakala ana kodi ya kibanda, mitambo ina gharama, na mtu hulipwa kwa kazi yake. Tunalosema ni kwamba wanawake wanaoishi mlango kwa mlango, wanaosikiana wakikohoa usiku, hawana haja ya mitambo iliyoko Nairobi ili kupeana shilingi 200. Vilevile ukinunua dukani, tazama unalipa kwa nambari ipi. Ukilipa kwa nambari ya bidhaa ya Lipa na M-Pesa, mnunuzi hakatwi. Ukituma kwa simu ya mwenye duka, ada ya kutuma ni juu yako. Wengi hawajui tofauti hiyo, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuwaeleza.

Sasa turudi kwenye deni la jirani yetu, kwani hapo ndipo penye uzito.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 katika sura ya al-Baqara, haizungumzii sala wala saumu. Inazungumzia deni. Imeamrisha deni liandikwe, iwe dogo au kubwa, na washuhudie mashahidi. Na kuna jambo katika aya hiyo ambalo walimu wetu walikuwa wakitusimamisha nalo tulipokuwa chuoni: anayemsomea mwandishi maneno ya kuandika ni yule anayedaiwa, si anayedai. Aliye dhaifu ndiye mwenye kutamka, ili isiandikwe juu yake asilolijua. Na akiwa hawezi kutamka, basi msimamizi wake atamke kwa uadilifu.

Linganisha na kitufe. Hapa mkopeshaji ndiye aliyeandika kila neno, kwa lugha yake, katika kurasa ambazo hata sisi tunaosoma vitabu kwa kazi hatujazimaliza. Mdaiwa hatamki kitu. Anabonyeza tu, au anabonyezewa. Hakuna shahidi. Na kwa kuwa fedha hazikupita mkononi mwake, hata moyo wake haukushuhudia.

Mikopo ya simu ni ya namna nyingi. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilianza kwa kutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa kiwango hicho ada ya mkopo wa 4,000 ilikuwa 300, na mtu asipolipa kwa muda huo na mkopo ukasogezwa mbele, ada iliongezeka tena. Mtu akisikia saba na nusu huona ni kidogo, kwa kuwa amezoea kusikia riba za benki zikitajwa kwa mwaka. Hii ni ya mwezi. Kisha ipo mikopo ya kujaliza salio, ile iliyompata jirani yetu, ambayo ina ada ya kuichukua na ada ya kila siku inayokaa nayo. Zaidi ya hayo, fedha yoyote itakayoingia katika laini ile hukatwa deni kwanza. Mkopeshaji haulizi kama zilizoingia ni mshahara, au karo ya mtoto, au sadaka ya mjane, au amana ya mtu mwingine iliyopitishwa hapo kwa dakika tano.

Kuhusu hukumu ya nyongeza inayotozwa kwa sababu ya muda wa deni, wasomaji wetu wanaijua na hatuna haja ya kurefusha. Zimekuja pia huduma zinazodai kufuata sheria yetu, kama Halal Pesa ya Safaricom na Gulf African Bank, inayojengwa juu ya uuzaji wa bidhaa badala ya kukopesha fedha kwa riba. Wanavyuoni wana mijadala juu ya mauzo ya aina hiyo, na anayetaka kuingia amuulize mwanachuoni anayemwamini, na aulize pia, kwa lugha anayoielewa, atarudisha shilingi ngapi na lini. Deni lisilo na riba bado ni deni.

Jambo jingine linalotusumbua ni nambari ya siri. Bibi wengi mitaani kwetu hawasomi herufi za kwenye simu, na macho yao yamechoka. Nambari ya siri iko kwa mjukuu. Wajukuu wengi ni watoto wema, na tunawaombea dua, lakini mtoto wa miaka kumi na sita hakuumbwa kubeba amana ya namna hiyo peke yake, hasa siku hizi ambapo michezo ya kubahatisha iko katika simu ile ile, kitufe kwa kitufe. Tumekutana na bibi aliyekuwa akitumiwa matumizi na mwanawe kila mwezi kutoka Maskati kupitia simu, na kwa miezi minne alikuwa akiambiwa na mjukuu kwamba "mtandao unasumbua". Hatukumwaibisha kijana yule. Tulikaa naye. Lakini tulimwambia pia baba yake kwamba yeye ndiye aliyempa mtoto sanduku lisilo na kufuli. Apelekewe bibi mtu mzima mmoja, shangazi au jirani mwaminifu, atakayemsomea ujumbe wake mara moja kwa wiki mbele ya yule mjukuu. Mtoto hatahisi anashukiwa ikiwa imekuwa ndiyo desturi ya nyumba.

Na yupo anayekufa.

Tumehudhuria matanga ambapo, kabla ya hitima ya siku ya tatu, fedha za marehemu zilizokuwa katika simu zilikwisha kutolewa na ndugu aliyeijua nambari yake. Yeye alisema alilipia sanda na turubali. Nduguze wakauliza zilizobaki ziko wapi. Mjane, aliye ndani ya eda, hakuulizwa kitu wala hakujua mumewe alikuwa na kiasi gani. Ifahamike kwamba fedha zilizo ndani ya simu ya maiti ni mirathi kama shamba la minazi na nyumba. Hutoka kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, likiwemo la simu yenyewe, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao. Njia ya kuzipata ipo: kampuni za simu huomba cheti cha kifo na hati za mirathi, na Waislamu wanaokubali hukumu yake wana Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba imeipa mamlaka juu ya mirathi. Ni safari, lakini ni safari halali. Kuijua nambari ya siri hakumpi mtu urithi.

Tukiwa hapo, neno moja kwa wazazi wanaooza. Mahari yakitumwa kwa simu, yatumwe katika simu ya bibi harusi mwenyewe. Tumeona yakiingia katika simu ya baba, yakachanganyika na ada za turubali na pilau, na binti akaolewa hajui aliyoyapokea. Mahari ni yake. Kwa upande huu tunaisifu simu: ujumbe wenye tarehe na kiasi ni ushahidi ambao zamani hatukuwa nao, na umetuondolea kesi kadhaa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kwikwi za wazee, na kwamba dunia inakwenda kwenye kutotumia fedha taslimu kabisa. Tunawajibu kwa mfano wa waliotangulia. Sweden na Norway ni miongoni mwa nchi zilizoacha noti mapema kuliko wengine wote. Tarehe 1 Oktoba 2024 Norway ilianza kutumia sheria inayoimarisha haki ya mnunuzi kulipa kwa fedha taslimu, na serikali ya Sweden, katika kijitabu ilichopeleka nyumba kwa nyumba mwaka huo huo, iliwashauri raia wake waweke noti nyumbani kwa matumizi ya dharura. Umeme ulipozimika Uhispania na Ureno tarehe 28 Aprili 2025, kadi zilikuwa vipande vya plastiki na mwenye noti mfukoni ndiye aliyenunua mkate. Nasi tunalijua giza. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme. Simu isiyo na chaji haina salio, hata ikiwa na laki.

Kwa sababu hiyo huwa hatupendezwi tunapoona mlango wa huduma ya lazima umebandikwa karatasi isemayo fedha taslimu hazipokelewi. Duka la viatu likifanya hivyo, mtu atakwenda duka la pili. Lakini mama aliyembeba mtoto mwenye homa, mwenye shilingi 300 katika fundo lake na simu iliyozimika, asiambiwe atafute kwanza mtu wa kumlipia. Tumewahi kuwa mtu huyo wa kulipia, katika foleni, mara tatu kwa asubuhi moja.

Nyumbani kwetu tumerudisha daftari. Kila usiku mama wa nyumba na binti yetu husoma ujumbe wa siku, wakaandika kilichoingia, kilichotoka, na ada kando yake kwa wino mwekundu. Mwezi wa kwanza wino mwekundu ulituonea haya sana. Matumizi ya sokoni hutolewa mara moja kwa wiki badala ya mara saba, kwa kuwa kutoa 2,500 kwa pamoja na kutoa 200 ni ada ile ile, kisha huwekwa katika mkoba na watoto huona ukipungua. Na siku ya Idi watoto walipewa sarafu na noti mkononi. Kaka yao mkubwa alitaka kuwatumia kwa simu, mdogo wao wa miaka sita akamuuliza, "Simu ya nani?"

Jirani yetu deni lake lilikwisha. Ndugu wawili wa msikitini walililipa kwa siri, na akapelekwa kwa wakala na binti yake akajiondoa katika huduma ile. Sadaka ya mwezi uliofuata hatukuituma. Mke wetu alimpelekea mkononi: noti mbili za mia mbili na moja ya mia. Alizihesabu, akazikunja, akazifunga katika pembe ya leso. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama simu inaweza kukopa yenyewe mtu akiwa amelala. Akaambiwa haiwezi, lazima pawepo mkono wa kubonyeza. Alishukuru na akaonekana ameridhika. Hata hivyo binti yake anatwambia kwamba usiku huizima.